Barua ya wazi kwa Mheshimiwa wa utalii: tunaomba ubao wa saa za maji Tiwi

Mheshimiwa,

Salamu nyingi kutoka ng'ambo ya kivuko. Jina lako hatulitaji, unajijua. Barua zetu tatu za mwanzo zilikuwa na jina kamili, cheo na muhuri wa kupokelewa, na hazikujibiwa.

Jumapili iliyopita mapango ya ufuo wa Tiwi, kusini mwa Mombasa, yalinasa watu tena. Vijana sita walitoka Mombasa kuja kuogelea kwenye Dimbwi la Afrika. Siku hiyo maji yalipwa, yakashuka kabisa, saa tano kasorobo. Wao, kwa foleni ya feri Likoni, matatu ya Ukunda na bodaboda ya kuteremkia ufuoni, walifika saa saba unusu. Wakaona mchanga bado upo, wakaingia. Kufikia saa tisa njia ya kurudi ilikuwa bahari. Wavuvi wawili waliwatoa kwa kamba ya nanga, magoti na viganja vimechanwa na mwamba. Hakufa mtu, alhamdulillahi, na huenda ndiyo sababu simu yako haikulia.

Tunaambiwa kila mara kwamba wageni ni wakaidi. Si ukaidi, Mheshimiwa. Ni hesabu, na bahari yenyewe huwakoseza. Wakati wa bamvua, yale maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji ya huku hupanda zaidi ya mita 3 kwa saa sita na dakika chache, ila hayapandi sawasawa. Chukua bamvua la mita 3.6. Saa ya kwanza maji hupanda kama sentimita 30, ya pili 60, ya tatu 90, ya nne 90 tena, ndipo yanapoanza kulegea. Anayeingia mapema huona maji kama yamelala, akadhani ana mchana kutwa. Kumbe nusu ya maji yote huja katika zile saa mbili za katikati, yeye yuko ndani anapiga picha na mgongo kaupa bahari.

Ukiingia pangoni, tazama ukutani. Utaona chaza wamegandamana na jiwe, makali kama wembe, na juu yao jiwe ni tupu. Chaza haishi mahali pasipofikiwa na maji. Basi ikiwa chaza wa juu wamekupita kichwa, maji nayo yatakupita kichwa, bamvua hili hili, si mwakani. Mtoto wa mvuvi hulijua hili kabla ya kujua kusoma. Mgeni wa kutoka Nairobi atalijulia wapi?

Na mwamba huu si jabali la bara. Ni tumbawe la kale, lililokufa zaidi ya miaka laki moja iliyopita, na mawimbi huula kwa chini. Ndiyo maana kuna mapango, ndiyo maana kuna dimbwi, na ndiyo maana hakuna pa kushika ukitaka kupanda juu: ukuta umeinamia nje, na kila unaposhika panakata. Kusi nayo, upepo wa kusini wa katikati ya mwaka, ina yake. Miezi hiyo mawimbi huhamisha mchanga, na dimbwi uliloliacha na kina cha kuruka unalikuta limejaa mchanga, maji yanakufika kiunoni tu. Kwa hiyo asiruke mtu kichwa mbele hata kama aliruka pale pale mwezi wa pili. Viatu vya mpira visivuliwe, kuna miiba ya bahari kwenye mashimo. Na mapango mengine ya Pwani ni mizimu ya wenyewe, yana vitambaa na marashi. Hayo si ya kuogelea, watu waulize kwanza.

Haya yote tunayasema kwa mdomo, kila siku, kwa anayetaka kusikiliza. Asiyepita kwetu hayasikii. Anayenaswa akiokolewa, siku ya pili wageni wanapungua, na lawama ni zetu sisi waongoza wageni tunaolipia leseni, si za bahari wala za ofisi.

Ulipokuja kupiga picha, Mheshimiwa, suruali umeikunja vizuri, ulikanyaga mchanga mkavu kwenda na kurudi. Hukubahatisha. Sisi ndio tuliokupangia saa. Uliahidi ngazi, waokoaji wawili na ubao, tena uliahidi mbele ya kamera. Tunavyodhani, na utusahihishe, faili limekwama kwa kuwa pango liko Kwale na wageni wanatoka Mombasa, kila upande unalielekeza kwa mwenzake. Bahari haijui mpaka wa kaunti.

Basi ngazi tumesamehe. Waokoaji nao, kama fungu halipo, tusubiri. Tupe ubao.

Ubao mmoja, pale njia inapoteremka ufuoni, juu ya mstari wa mwani mkavu ili usichukuliwe na bamvua. Usiwe wa bati, chumvi italimaliza upesi. Mbao ngumu, mbambakofi ikipatikana, na skrubu zisizoshika kutu. Uwe na mistari mitatu tu: maji yanapwa saa ngapi, mwisho wa kuingia, mwisho wa kutoka. Kanuni yetu ni kufika saa moja kabla ya kupwa na kuwa umeshatoka nusu saa baada ya maji kugeuka. Saa zenyewe zimo kwenye jedwali la maji la Kilindini, bandari ya Mombasa, na Tiwi haina tofauti kubwa. Anayepanga safari kutoka mjini aongeze saa nzima ya feri, na akiona amechelewa aoge ufuoni, mapango ayaache.

Kila siku saa husogea mbele kama dakika 50, kwa hiyo ubao wa kuandikwa mara moja kwa rangi haufai. Lazima ufutwe na kuandikwa upya kila asubuhi. Mtu wa kuandika usimtafute, tupo.

Mwezi ukiandama bamvua linarudi, na kupwa kutakuwa tena kwenye saa nne, saa tano za asubuhi, wakati watu wa mjini ndio kwanza wako Likoni wanangoja feri. Tunaomba ubao uwe umesimama kabla ya hapo. Choki tutanunua wenyewe.

Wako,
Waongoza wageni wa ufuo wa Tiwi