Kimanda cha kujaza kwa watu wanne

Tanga

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka kwangu na kwa baba yako. Sisi huku hatujambo. Nilifurahi sana uliponiambia kwamba wewe na wenzako watatu mnaokaa nyumba moja hapo Dodoma mmekubaliana kula pamoja kila Ijumaa usiku, na kwamba zamu ya wiki hii ni yako. Ukaniambia pia kuwa ulijaribu kupika kimanda cha kujaza, kikatoa maji, kikachanika, mkaishia kula mayai ya kuvuruga. Nimeona nikuandikie, maana maelezo ya jikoni husaidia zaidi mtu anapoweza kuyarudia akiwa amesimama mbele ya jiko.

Mkono wako hauna kosa. Ulimwaga nyanya mbichi na vitunguu vibichi juu ya yai, na hapo ndipo mambo yalipoharibika. Nyanya ina maji mengi, na kitunguu kikishapata chumvi nacho hutoa maji, ilhali yai huiva kwa dakika mbili tatu tu, muda usiotosha kuyakausha. Kwa hiyo maji hubaki ndani, yakalilowesha yai, na yai lililolowa halikunjiki. Mimi nililijua hili baada ya kuaibika, mwezi wa kwanza wa ndoa yangu, nilipowaandalia wakwe zangu vimanda vilivyokuwa vikielea kwenye maji mekundu. Bibi yako hakusema neno mbele ya watu. Kesho yake aliniita jikoni, akanipa kisu na vitunguu, akaniambia nipike kwanza vya ndani mpaka nisikie mlio umebadilika. Maji yakiwamo, sufuria hutokota. Yakiisha, mafuta huanza kutatarika. Mpaka leo nasikiliza mlio huo kabla sijaepua.

Chukua robo kilo ya nyama ya kusaga, uiweke sufuriani bila mafuta wala maji, pamoja na kitunguu saumu na tangawizi vilivyotwangwa, chumvi, pilipili manga na bizari nyembamba kidogo. Itatoa maji yake yenyewe. Vunjavunja mabonge kwa mwiko mpaka yakauke kabisa. Hapo ndipo utie mafuta kijiko kimoja, vitunguu viwili vilivyokatwa vidogo na pilipili hoho, uvikaange hadi vilainike. Ukiepua, kamulia limau na utie giligilani. Iwe kavu kama nyama ya sambusa. Nyanya ziache za kachumbari. Ikiwa ni mwisho wa mwezi na nyama haipatikani, mchicha uliokaangwa na vitunguu unafaa sana, mradi uukamue kwanza kwa mkono.

Kwa watu wanne nunua mayai kumi na mawili. Yaweke kwenye bakuli la maji: linaloelea juu limezeeka, litupe. Kila yai livunje kwanza kwenye kikombe, ili moja bovu lisikuharibie mengine. Usiyapige yote kwa pamoja, bali piga matatu matatu kila zamu ya kikaango inapofika, mpaka usione tena ute mweupe unaoning'inia kwenye uma.

Kikaango kiwe kidogo, cha sentimita 20 hivi, na moto uwe wa wastani. Mafuta yakipata moto, dondosha tone la yai. Likiganda papo hapo, mimina. Kingo zikianza kuinuka, zivute kwa mwiko kuelekea katikati huku ukiinamisha kikaango, ili yai bichi lishuke pembeni lipate kuiva. Uso ukiwa bado unang'aa lakini hautiririki tena, weka vijiko vitatu vya nyama upande mmoja, ukunje upande wa pili juu yake, upunguze moto, ufunike kwa dakika moja au mbili hadi yai liive lote. Yai bichi huweza kuwa na vimelea vya salmonela, na hao ni watoto wa wenzetu umewaita mezani.

Sasa kuhusu kula pamoja, jambo ambalo wengi hulikosea. Usipike vimanda vyote vinne ndipo uwaite watu, kwa sababu cha kwanza kitakuwa kimepoa na kuwa kigumu. Wala usivifungie kwenye hotpoti, kwani mvuke utageuka maji na utarudi kulekule ulikotoka. Tanguliza mezani chapati, kachumbari na chai, wenzako wakae, kisha kila kimanda kinachotoka jikoni ukikate vipande vinne, ukiweke kwenye sinia lililo katikati. Hivyo wote wanakula cha moto kwa wakati mmoja, hakuna anayekaa akimtazama mwenziwe akitafuna, nawe unasikia mazungumzo yao ukiwa jikoni.

Waombe wakuwekee kipande chako kila kimoja kinapofika. Cha nne ukishakikunja na kikaiva, zima jiko, funga mtungi wa gesi, ukipeleke mezani kikiwa kwenye kikaango chake, ukae nao.

Ni mimi mama yako.