Risala ya Klabu ya Afya kwa Mgeni wa Heshima: Tunaomba Usingizi

Mgeni wetu wa heshima, mwalimu mkuu, walimu wetu, wazazi ambao tangu asubuhi mmevumilia hili jua la Kisumu, hamjambo wote na karibuni sana. Sisi wanaklabu ya afya tumepewa dakika chache na tumeamua zote ziende kwa usingizi, maana mambo ya maabara na basi yameshasemwa.

Mheshimiwa, hapa kengele ya kuamka inalia saa kumi na nusu alfajiri twende prepu, yaani kujisomea wenyewe darasani. Prepu za usiku zinaisha saa nne, halafu kuna foleni ya maji, kuoga, kufua soksi, aliyewahi sana analala saa tano. Hayo ni masaa matano na nusu, na wataalamu wa usingizi wanasema mtu wa miaka 13 hadi 18 anahitaji masaa 8 hadi 10. Na hata hayo yetu hayakamiliki ju mbu wa ziwa wanapitia neti zilizotoboka na kunguni wako kwa mbao za vitanda, ukiwasha tochi unawaona wakikimbilia kwa nyufa. Wenzetu wa kutwa huko Nyalenda na Manyatta nao kukiwa na disko matanga mtaani, zile disko za usiku za matangani, wanakesha tu.

Muhula uliopita wavulana wawili wa kidato cha pili walipigana kwa foleni ya uji mpaka mmoja akatoka damu puani, na walikuwa wanagombania kikombe cha plastiki. Wote wawili walikuwa macho tangu saa nane usiku wakisoma na tochi chini ya blanketi. Waliadhibiwa, sawa, lakini hakuna mtu aliwauliza walilala saa ngapi. Ubongo ambao haujalala unawaka hasira haraka na ile sehemu ya mbele ya kumzuia mtu inalegea, alafu yale yamesomwa mchana huwa yanashika vizuri ukiwa umelala, sasa anayekesha anajichosha bure. Tena kwa umri wetu melatonini, ile homoni ya kuleta usingizi, inachelewa kutoka usiku, kwa hivyo alfajiri ndio tumezama kabisa na ndio kengele inagonga. Si uvivu mheshimiwa, kweli si uvivu.

Kanuni za elimu ya msingi za 2015 zinasema masomo yaanze saa mbili asubuhi, kwa hivyo tunaomba prepu za alfajiri ziondolewe, za usiku ziishe saa tatu na nusu na kengele ilie saa kumi na mbili. Tunaomba pia neti mpya na bweni zipigwe dawa ya kunguni likizo ya Agosti. Wazazi wa kutwa, tafadhali simu zilale sebuleni, ule mwanga unafukuza usingizi.

Tujaribu muhula mmoja tu. Klabu itaandika kila wiki ni wangapi wamesinzia darasani na wangapi wamepigana, na hicho kitabu tutakuletea ofisini sisi wenyewe.

Ni sisi wanaklabu ya afya. Asante sana.