Waya wa hedifoni upimwe shingoni, si mfukoni

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yenu ya barua za wasomaji nichangie makala ya ukurasa wa teknolojia iliyotushauri tununue hedifoni zenye waya bapa kwa sababu hazijifungi mafundo mfukoni. Kuhusu mafundo mwandishi amesema kweli, lakini ameishia hapo, kana kwamba hedifoni hununuliwa ili zikae mfukoni. Mimi ni fundi wa simu na redio hapa Mwanjelwa, jijini Mbeya, na wateja wanaoniletea hedifoni hulalamikia mambo ambayo makala ile haikuyagusa: waya unaovuta sikio kila mtu anapogeuza shingo, waya unaokwaruza kola hadi maneno ya mtangazaji yasisikike, au waya unaokatika kwenye pini ungali mpya. Kwa mtu anayevaa hedifoni tangu asubuhi hadi jioni, ulaini wa waya na njia unayopita mwilini ni mambo makubwa kuliko mafundo, na kwa vipimo hivyo waya bapa, ambao sasa umejaa kwenye meza za wamachinga, ndio ningeuweka mwisho.

Nianze na mafundo yenyewe, maana yamefanyiwa utafiti. Mwaka 2007 Dorian Raymer na Douglas Smith wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, nchini Marekani, walichapisha matokeo ya majaribio ambamo walitia kamba ndani ya boksi na kulizungusha. Mafundo yalianza kujitokeza ndani ya sekunde chache. Kamba isiyofikia nusu mita haikujifunga, kamba ndefu zilijifunga kwa wepesi, na kamba ngumu zilijifunga kwa nadra kuliko zilizo laini. Hapo ndipo ilipo siri ya waya bapa. Haujifungi hovyo kwa sababu ni mgumu, na ugumu huohuo ndio unaomsumbua mvaaji. Waya wa mviringo hupinda kila upande kwa wepesi uleule, kwa hiyo ukigeuka kuangalia nyuma unakufuata bila ubishi. Waya bapa hukubali kupinda kuelekea upande mpana tu. Ukiutaka upinde kuelekea ukingo wake hugoma, hujisokota, na ule msokoto huishia kwenye kispika kilichomo sikioni, kikaanza kulegea na kutoka. Mvaaji hukirudisha kwa kidole, kikatoka tena, na mwisho anadhani masikio yake ndiyo yenye kasoro.

Hapa Nyanda za Juu Kusini jambo hili huzidishwa na baridi. Plastiki inayofunika nyaya za bei nafuu hukakamaa joto linaposhuka, na anayechuma chai alfajiri kule Rungwe au Mufindi, au anayepakia viazi Uyole mwezi wa Julai, anaujua waya unaobaki na mikunjo uliyotoka nayo kwenye boksi, ukisimama mbele ya kifua badala ya kulala juu ya nguo. Ukiupasha moto kwa viganja unalainika kidogo, kisha upepo ukipita unarudi ulivyokuwa. Waya wenye ganda laini linalofanana na raba huvumilia zaidi baridi, na tofauti hiyo unaweza kuihisi dukani kwa kuukunja waya kuzunguka kidole kimoja na kuuachia: ukifunguka taratibu na kulala, ni laini, ukiruka kama springi, utakusumbua.

Baridi huleta pia masweta na makoti, na hapo linaingia suala la mkwaruzo. Waya unaposuguana na nguo hutetemeka, na mtetemo huo hupanda kupitia waya hadi kwenye kispika, sawasawa na simu ya makopo na uzi wanayotengeneza watoto. Hedifoni za mtindo wa zamani, zile ambazo kispika hukaa mlangoni mwa sikio bila kuliziba, hazionyeshi sana kasoro hii kwa kuwa sehemu ya kelele hutoka nje. Lakini hizi za siku hizi zenye vikofia vya mpira huziba tundu la sikio, na kila mguso wa waya, hata hatua za miguu yako mwenyewe, husikika kama ngoma. Waya bapa una uso mpana unaogusa nguo, kwa hiyo hukwaruza sana. Ukiwa juu ya bodaboda hushika upepo na kupigapiga kifua njia nzima. (Sizungumzii hapa dereva wa bodaboda kuziba masikio yote mawili, jambo ambalo ni la hatari na halihitaji ufundi kulieleza, nazungumzia abiria.)

Waya uliofumwa kwa nyuzi za kitambaa unapendeza macho na haung'ang'anii shingo yenye jasho, ila nyuzi zake ni mbaya zaidi kwa mkwaruzo, hasa zinapokutana na sweta la sufi. Ukianza kuchakaa karibu na pini unatoa manyoya, na manyoya hayo hayarudi. Ni waya wa mtu anayekaa mezani.

Linalonishangaza ni kwamba wanunuzi wengi huuliza juu ya besi na rangi, na karibu hakuna anayeuliza waya unagawanyika vipi. Ziko namna mbili. Ya kwanza ndiyo iliyozoeleka, waya mmoja unaopanda kifuani na kugawanyika pande mbili zilizo sawa. Ya pili ina upande mmoja mfupi na mwingine mrefu, na ule mrefu hupitishwa nyuma ya shingo kabla ya kufika sikio la pili. Sony ya Japani iliitumia namna hii katika hedifoni zake ndogo, na wapo watu waliozichukia kwa sababu walizivaa kama zile za kawaida, pande zote mbili zikining'inia mbele, wakaona upande mmoja umezidi bila maana. Zikivaliwa inavyotakiwa, faida yake ni kubwa kwa mtu ambaye kazi yake humlazimu kutoa hedifoni kila mara ili azungumze na watu. Muuza nguo wa Mwanjelwa anapoitwa na mteja huvuta vispika vyote viwili na kuviachia. Havianguki, kwa sababu waya umeshika shingo, na vinabaki kifuani vikisubiri. Kwa namna iliyozoeleka, ukitoa kispika kimoja uzito wake hukivuta na cha pili, na vyote huishia kwenye matope, na matope ya Mbeya mwezi wa Machi tunayafahamu. Jambo jingine ni kwamba upande mrefu ukipita chini ya kola ya sweta hautikisiki, kwa hiyo mkwaruzo unapungua.

Hata hivyo siwezi kuisifu namna hiyo kwa kila mtu. Anayevaa hijabu, mtandio au skafu nzito hupata shida kupitisha waya nyuma ya shingo bila kuvua alichojifunika, na kwake yeye mgawanyiko ulio sawa, unaopita chini ya kidevu ndani ya kitambaa, ni mwepesi zaidi. Mtu wa namna hii na atafute hedifoni yenye kile kipete kidogo kinachoteleza juu na chini penye mgawanyiko. Ukikisogeza hadi karibu na kidevu, pande mbili zinakuwa fupi, hazichezi, na vispika havivutwi. Kipete hicho ni kidogo sana hivi kwamba wengi hawajui kazi yake, na katika hedifoni za bei ya chini ndicho cha kwanza kuondolewa na mtengenezaji.

Ipo pia njia ya kupitisha waya juu ya sikio na kuushusha nyuma, kama wanavyofanya wanamuziki jukwaani. Sikio lenyewe ndilo hubeba uzito, mtetemo hupungua kabla ya kufika kwenye kispika, na kwa hedifoni nyingi ambazo vispika vyake ni vya mviringo unaweza kufanya hivyo hata kama hazikutengenezwa kwa ajili hiyo; unabadilisha tu cha kulia kiwe kushoto, au unakizungusha. Kwa waya laini wa mviringo nadhani hii ndiyo namna tulivu kuliko zote. Kwa waya bapa ni vigumu, kwa maana haupindi kwa wepesi kulifuata sikio. Wanaovaa miwani watabanwa kidogo, kwa kuwa mkono wa miwani na waya hugombea nafasi moja, na abiria wa bodaboda anayevaa helmeti atalazimika kuivaa na kuivua kwa uangalifu.

Sasa niseme la kiufundi, maana ulaini una gharama yake. Ndani ya waya wa hedifoni mna nyuzi nyembamba mno za shaba zilizopakwa rangi inayozuia umeme, na mara nyingi zimesokotwa pamoja na uzi mwembamba wa nailoni ili zisikatike kwa kuvutwa. Rangi hiyo ndiyo sababu fundi huchoma ncha kwa kiberiti au kwa pasi ya kulehemu kabla ya kuunga. Asipofanya hivyo risasi ya kulehemu haishiki. Waya laini sana wenye shaba chache hukatika mapema, na hukatika mahali palepale panapopinda kila siku: pale unapotoka kwenye pini, halafu penye mgawanyiko. Kwa hiyo nisingemshauri mtu achague waya laini bila kutazama shingo ya mpira iliyoko kwenye pini. Iwe ndefu, iwe na vijipengo, na ipinde kwa mkunjo mpana. Ikiwa ni kipande kifupi kigumu, waya utavunjikia ukingoni mwake hata uwe mzuri namna gani. Pini iliyopinda pembeni humfaa anayeweka simu kwenye mfuko wa suruali, kwa kuwa akiketi kwenye bajaji haisukumwi na paja. Pini iliyonyooka hugeuka wenzo na huharibu hadi tundu la simu, na hilo ni tengenezo la gharama kubwa kuliko hedifoni yenyewe. Ubaya wa pini iliyopinda ni kwamba kava nene za simu huizuia isifike mwisho.

Najua wapo watakaosema mazungumzo haya yamepitwa na wakati, kwamba tangu Apple ilipoondoa tundu la hedifoni kwenye iPhone 7 mwaka 2016 dunia imehamia kwenye Bluetooth. Imehamia kwa wenye kuweza kuchaji vitu viwili. Lakini kuna kazi moja ambayo hedifoni zisizo na waya haziifanyi, nayo inawahusu watu wengi wa mikoa hii: katika simu nyingi zenye redio ya FM, kuanzia kitochi hadi simu janja za bei ya kati, waya wa hedifoni ndio antena. Bila kuuchomeka, redio hukataa kufunguka au hutoa mvumo tu. Hapa pia umbo la waya lina neno. Waya wa kawaida wenye urefu wa mita 1.2 ukinyooshwa mwilini hupokea vizuri. Ukikunjwa na kufungwa kwa raba ili usisumbue, upokeaji hushuka, na katika mabonde ya Tukuyu au Makete, ambako mlima mmoja unatosha kukata mawimbi, mtu huanza kuilaumu stesheni. Waya unaovaliwa vizuri, usiohitaji kufungwafungwa, humpa mwenyewe redio iliyo safi zaidi.

Kwa wauzaji wa maduka ya simu ombi langu ni dogo. Mruhusuni mnunuzi afungue boksi, avae, ageuze kichwa kulia na kushoto, kisha apitishe ukucha juu ya waya bila kufungulia muziki. Atakachokisikia hapo ndicho atakachokisikia barabarani kila siku. Na kile kibanio cha plastiki cha kushikiza waya kwenye nguo, ambacho wengi hukitupa pamoja na boksi, kielezeeni matumizi yake, kwa maana hata waya bapa hupungua usumbufu ukibanwa kifuani. Nanyi, Ndugu Mhariri, mtakapoandika tena kuhusu hedifoni, ningeomba mtaje urefu wa waya, namna unavyogawanyika na umbo la pini sambamba na bei, kwa sababu mambo hayo matatu mnunuzi wa Makambako au Njombe anayeagiza kwa simu hana namna ya kuyaona.

Wenu katika ujenzi wa taifa,
Fundi simu na redio,
Mwanjelwa, Mbeya