Kwa Maganga, kuhusu kituo cha data

Ujiji, Kigoma

Ndugu yangu Maganga,

Salamu nyingi kwako na kwa shemeji. Umeniuliza, kama fundi umeme, kama ni kweli wanavyosema vijana wa hapo kijiweni kwenu, kwamba Tabora ikijengewa kituo kikubwa cha data ajira zitamwagika.

Zitamwagika wakati wa ujenzi. Watatakiwa mafundi wa zege, wa vyuma, na sisi wa nyaya. Jengo likishawashwa, hubaki safu za seva, yaani kompyuta zinazohifadhi na kuchakata data, walinzi na mafundi wachache wa majenereta na mitambo ya kupoza. Basi.

Ninachokiogopa mimi ni umeme. Kituo kimoja kikubwa kinaweza kula megawati 100, usiku na mchana. Mradi wetu wa Malagarasi pale Igamba, ambao watu wa Kigoma tumeusubiri hadi tumeota mvi, umesanifiwa kutoa megawati 49.5. Piga hesabu mwenyewe. Najua utanitajia Bwawa la Nyerere na megawati zake 2,115. Sawa, lakini umeme wa Rufiji haufiki huku kwa miguu. Unataka laini na transfoma, na kuna mtu atakayezilipia. Huko Marekani ugomvi uko hapohapo: gharama za laini mpya abebe mwenye seva, au zigawanywe kwenye bili za kila mwananchi?

Wapo wanaosema vituo hivi mwaka 2024 vilitumia kama asilimia 1.5 tu ya umeme wa dunia nzima. Ni kweli, ila havikusambaa dunia nzima, vinarundikana. Ireland mwaka 2023 vilichukua asilimia 21 ya umeme wote uliopimwa kwenye mita, kuzidi nyumba zote za mijini. Microsoft nao, Septemba 2024, walitia saini mkataba wa miaka 20 ili mtambo wa nyuklia uliokuwa umezimwa Three Mile Island, huko Marekani, ufufuliwe. Matajiri kama wale wanahangaikia umeme, sembuse sisi!

Faida ipo, sikatai. Kaunti ya Loudoun, jimbo la Virginia huko Marekani, iliyojaa vituo hivi, inavuna fedha nyingi sana, kwa sababu inatoza kodi jengo pamoja na kompyuta zilizomo, na kompyuta zenyewe hubadilishwa kila baada ya miaka michache. Sisi kodi ya jengo tunakatwa kwenye LUKU, tunaponunua umeme, kwa kiwango maalumu, hata ndani ukiweka dhahabu. Mwekezaji akipewa na msamaha wa kodi juu yake, halmashauri itabaki kuhesabu walinzi.

Halafu maji. Vituo vingi hupozwa kwa maji yanayopotea kama mvuke, na nyinyi bomba la Ziwa Victoria mmelipata juzijuzi tu. (Usiwaambie vijana wa huku, watasema basi kijengwe Kigoma, Tanganyika haikauki.)

Akija mtu na michoro, diwani wenu asianze na ajira. Aulize laini inajengwa kwa fedha ya nani, mgao ukitokea nani anazimiwa kwanza, na ushuru wa huduma unalipwa Tabora au Dar es Salaam. Majibu yawe kwenye mkataba, si jukwaani.

Mawese nimempa mjomba anayepanda treni wiki hii. Akirudi, mpe asali, ile ya miombo, usinichanganyie na sukari.

Wako,
Hamisi