Baba amenipa bahasha, na kaka zangu hawajui

Shangazi, hujambo?

Mimi ni mama wa watoto watatu, nashona sare za shule hapa Nakuru, na kwetu ni Ugunja, kaunti ya Siaya. Kuna bahasha kwenye droo ya cherehani yangu ambayo afadhali nisingeipokea.

Ni ya baba. Alinipa Desemba tulipokwenda nyumbani kwa Krismasi. Alingoja kaka zangu watoke kwenda kununua mbuzi, ndipo akaniita nyuma ya nyumba. "Mama," akasema (ananiita hivyo kwa kuwa nina jina la mama yake), "hii uiweke wewe. Ndugu zako hawataiweza." Ndani mna karatasi moja ya fulskepu, kaiandika kwa mkono, na neno "nisizikwe" kalipigia mstari kwa kalamu nyekundu kana kwamba anasahihisha mtihani. Anataka akifa mwili wake upelekwe chuo kinachofundisha madaktari, wanafunzi wausomee.

Baba ana miaka 79. Alifundisha biolojia shule za upili kuanzia 1971 hadi alipostaafu 2001, na waliopita mikononi mwake wanamkumbuka kwa vyura. Alikuwa akituma wavulana mtoni, kisha chura anatiwa kwenye chupa yenye pamba ya klorofomu, analazwa chali kwenye sahani ya nta, miguu minne inabanwa kwa pini. Mimi nilikuwa darasani mwake kwa mwaka mmoja. Siku ya chura nilitoka nje nikatapika. Sasa nilipomuuliza kwa nini anataka jambo hili, alinijibu: "Chura mmoja alifundisha watoto arobaini. Mimi nishindwe na chura?" Akacheka peke yake.

Shangazi, unajua mazishi ni nini kwetu Wajaluo. Mama alitutoka 2014, akazikwa upande wa kushoto wa nyumba yake. Kulia ni pa baba. Pamebaki nyasi, na kaka mkubwa hataki hata mbuzi afungwe hapo. Mwanamume mwenye boma, mwenye wana na wajukuu, hurudishwa akalala usiku mmoja kwake, halafu huingia kwenye udongo wake. Asiporudi, hakuna atakayesema alijitoa kwa ajili ya elimu. Watasema wanawe wamemuuza. Na mjukuu akiugua miaka kumi baadaye, itakuwa chira, ile laana ya kuvunja mila.

Nilikuwa na miaka tisa wakati wa kesi ya mazishi ya wakili S.M. Otieno, nayo ndiyo ilikuwa habari ya kila jioni kwenye redio yetu. Wakili yule alifariki Desemba 1986. Mjane wake Wambui akataka kumzika kwenye shamba lao karibu na Ngong, akisema mwenyewe ndivyo alivyotaka. Ukoo wake wa Umira Kager ukakataa, na maiti ikalala mochari hadi Mei 1987, ikaishia kuzikwa Nyalgunga, Siaya, kama ukoo ulivyotaka. Nyumbani kwetu kila mtu alikuwa upande wa ukoo, mama akiwa mstari wa mbele. Baba peke yake alikuwa upande wa Wambui. Laiti ningejua tangu siku zile kwamba alikuwa akijisemea mwenyewe.

Nimempima kaka mkubwa kwa mbali. Nilimtaja Ken Okoth, mbunge wa Kibra, ambaye mwili wake ulichomwa Kariokor, Nairobi, 2019 badala ya kuzikwa. Hakunipa nafasi ya kumaliza. "Na Raila je? Alitaka azikwe ndani ya saa 72, wakaharakisha, lakini si alirudi Bondo? Jenerali Ogolla, yule mkuu wa majeshi, alizikwa bila jeneza, lakini si alizikwa kwao Alego?" Kwa kaka, mtu anaweza kuchagua siku, anaweza hata kukataa jeneza, ila kutorudi hakuchaguliwi. Nikakosa la kumjibu. (Sitaki kumsengenya, lakini kaka anataka uwakilishi wadi 2027, na matanga ya mwalimu aliyefundisha nusu ya lokesheni ni mkutano usiohitaji kumkodia mtu matatu.)

Mwezi wa pili nilikwenda Kisumu kuuliza. Wakili niliyemlipa elfu mbili aliniambia mambo mawili, na mpaka leo yanavutana kichwani mwangu. Sheria ya Afya ya 2017 inamruhusu mtu kutoa mwili wake kwa masomo, akiandika na kutia sahihi pamoja na mashahidi wawili. Kumbe baba alilijua hilo, maana walimu wenzake wawili wametia sahihi chini ya yake. Lakini pia, akasema, maiti si mali, haigawanywi kwa wasia kama shamba. Matakwa ya marehemu kuhusu mazishi korti huyasikiliza, ila hayaifungi, hasa yakigongana na mila. "Karatasi yako ni nzuri," akaniambia, "lakini ndugu zako wakienda kortini kuzuia, mtakaa." Na mochari inahesabu kwa siku.

Nikaenda chuoni vilevile. Mama mmoja wa ofisini, muungwana sana, akanieleza kwamba si kila mwili wanaupokea, na familia ikiwa na ugomvi wao hawaingii. Mwili unaweza kukaa mwaka mzima na zaidi. Sikuuliza mabaki huenda wapi. Nilisahau, au niliogopa. Nje ya lango wanafunzi walikuwa wamevaa makoti meupe, wanakula mandazi na kucheka, na msichana mmoja akajifuta mafuta ya vidole kwenye koti. Nikavitazama vile vidole. Baba ana kovu kwenye kidole cha shahada cha mkono wa kushoto, wembe wa maabara ulimkata kabla sijazaliwa, na nilipokuwa mdogo nilipenda kulipapasa tukiwa kanisani. Matatu ya Nakuru ilijaa ikaondoka nikiwa nimesimama palepale.

Nikuambie ukweli, Shangazi, hata mimi sitaki. Nikifika nyumbani huanzia kwa mama, nang'oa magugu, namsimulia ya watoto. Baba nitamsimulia wapi? Lakini tangu mama afe, mzee huyu hajawahi kuniomba kitu, hata sukari. Ameomba hiki kimoja.

Kuna wazo linanisumbua. Kwetu mtu akizama ziwani asionekane, huzikwa tunda la yago, lile refu la mwegea, na matanga hufanywa kamili. Je, inawezekana kumzikia yago mtu ambaye mwili wake unajulikana uko kwenye meza gani? Nikiwaza kaka zangu wamebeba tunda lile kwa heshima zote kuelekea upande wa kulia wa nyumba, sijui nicheke au nilie. Lakini nadhani wazee wanaweza kuona afadhali hilo kuliko nyasi tupu.

Shida nyingine ni mimi mwenyewe. Mimi ni migogo, binti aliyeolewa. Kwenye kikao cha ukoo natarajiwa kuchanga na kupika. Nikiitoa bahasha siku hiyo, watasema nimeiandika mimi. Shahidi mmoja tulimzika wiki mbili zilizopita, na wa pili ameanza kusahau hata majina ya watoto wake. Mume wangu anasema nikae kimya, mzee akilala wenye boma waamue, karatasi sikuiona. Anasema hivyo kwa kunihurumia. Nilimgusia baba kwenye simu aitishe kikao aseme mwenyewe angali hai, akakataa katakata, hataki miaka yake ya mwisho iwe kesi.

Je, niwaambie kaka zangu sasa, hata kama nitakuwa nimemsaliti? Nimrudishie bahasha yake? Au niiweke, na siku ikifika nisimame mbele ya ukoo mzima nikiwa na karatasi ambayo hata mimi sitaki itimizwe?

Baada ya Pasaka anakuja Nakuru kutolewa mtoto wa jicho. Atakaa kwangu wiki tatu, na najua jambo la kwanza ataniuliza bahasha iko wapi. Tafadhali nijibu kabla hajafika.

Migogo,
Nakuru