Dirisha la vani: kutu inaanza siku uliyokata bati

Ndugu mhariri,

Naomba kanafasi niongee na wenzangu wanaojiwekea madirisha ya vioo ubavuni mwa vani zao wenyewe nyumbani, maana naona mtu ananunua kioo, anaazima jigso, ule msumeno mdogo wa umeme, jioni dirisha lishakaa na picha zishatumwa kwenye magrupu, halafu baada ya muda anakuja kulalamika gari inavuja na gundi aliyouziwa ni feki. Jamani, mara nyingi gundi haina kosa. Angalieni ule ukingo wa bati.

La kwangu la kwanza nilikata vizuri kabisa, nilibandika tepu ya karatasi pande zote ili jigso isichubue rangi, nikatoboa kona kwa drili, mstari ukanyooka, nikaona kazi imeisha nikapiga gundi juu ya bati tupu. Mvua zilivyopita nikafungua kava la ndani. Rangi ilikuwa imevimba malengelenge kuzunguka dirisha lote, nikibonyeza kwa kidole inapukutika na chini yake kutu nyekundu, na ile gundi bado imeng'ang'ania vizuri tu, ila imeng'ang'ania kutu ambayo yenyewe inaachia bodi. Iliniuma sana, kwa sababu kilichokosekana ni kazi ya nusu saa na kusubiri rangi ikauke.

Ukikata bodi unakuwa umeacha chuma wazi, hakina rangi wala chochote. Kwahiyo piga tupa mpaka makali yaishe, pitisha msasa, futa mafuta na vumbi, paka praima ya kuzuia kutu mpaka kwenye unene wa bati sio juu juu tu, halafu subiri ikauke kabisa. Hapo kwenye kusubiri ndo watu wengi tunashindwa, kioo kiko pale kinakutazama na jua linazama. Bora ulaze gari na nailoni kwenye tundu kuliko kubandika kwenye praima mbichi.

Na zile chenga za chuma! Jigso inazimwaga chini ndani ya ukuta wa gari, huzioni, zikipata unyevu zinaota kutu na kuziba vitundu vya kutolea maji. Bandika nailoni kwa ndani kabla hujakata, ukimaliza pitisha sumaku na vakyumu, usiache hata moja. Kabla ya yote hayo fungua uangalie nyaya zinapita wapi na mbavu za bodi, zile chuma zinazoiimarisha, ziko wapi, mbavu haikatwi hata kama kioo ulichopenda ni kikubwa kuliko nafasi.

Kuhusu gundi, tumieni ya polyurethane ya vioo vya magari. Silikoni ile ya bafuni yenye harufu kali kama siki inatoa asidi ikikauka na inakula chuma, tena haina nguvu ya kushika kioo gari ikipata mshtuko. Ule ukanda mweusi pembezoni mwa kioo usiukwangue, ndo unaokinga gundi isiharibiwe na jua, usafishe tu na upake dawa yake kama karatasi ya gundi inavyoelekeza. Nozo, ile ncha ya kutolea gundi, ikate pembe ya V ili gundi itoke imesimama, mstari mmoja bila kukatika, na muwe wawili kwenye kubeba maana gundi ikishaanza kufanya ngozi juu umechelewa.

Kikishakaa kishikilieni kwa tepu mpaka kesho yake, gari isitembee. Na ukitaka kufunga mlango siku hiyo teremsha kwanza kioo cha dereva, maana hewa inayobanwa ndani inasukuma kioo kipya nje wakati gundi bado laini.

Ni mimi msomaji wako.