Reki ikirudi tupu, iandike

Norwich, 14 Julai

Ndugu yangu mpendwa,

Salamu nyingi baada ya kimya kirefu. Barua yako inayonieleza kwamba mnajiandaa kuorodhesha mimea ya majini ya Ziwa Naivasha, kuanzia pale mto Malewa unapomwaga maji yake, nimeipata, na kwa kuwa umeniuliza nimejifunza nini huku, nitakueleza bila kuficha aibu yangu.

Kiangazi hiki nimejitolea katika kazi kama yenu huko Hickling Broad, ziwa lenye kina kifupi katika kaunti ya Norfolk hapa Uingereza. Usidhani ni ziwa la asili. Maziwa ya eneo hili ni mashimo ya watu wa kale waliochimba udongo wa mimea iliyooza (peat) wa kuwashia moto, kisha maji yakayafunika. Mtaalamu wa mimea Joyce Lambert na wenzake ndio waliolithibitisha jambo hilo katika miaka ya 1950.

Tunachokitafuta zaidi ni mwani wa jamii ya Chara. Ukiutazama ndani ya maji utadhani ni mmea wenye shina na majani, kumbe hauna mizizi ya kweli, hauna ua, na kila kipande kati ya pingili mbili kina seli moja ndefu katikati yake, ambayo yaweza kufikia sentimita kadhaa. Ukiushika unakwaruza vidole kwa sababu ya chokaa uliyojivika, na ukiufinya hutoa harufu kali iliyo karibu na ya kitunguu saumu, hata mimi nilianza kuutambua kwa pua kabla ya macho. Kuutenga na ndugu yake Nitella si kazi ngumu, maana vijitawi vya Nitella hugawanyika panda na vya Chara havigawanyiki. Kuzitenga aina za Chara zenyewe kwa zenyewe ndiko kunakotaka lenzi na subira.

Tunakwenda kwa mashua hadi kila kituo kilichowekwa mapema kwenye ramani, tunapima kina, tunarusha reki yenye vichwa viwili iliyofungwa kamba, tunaivuta taratibu, kisha tunaandika kila kilichonaswa na wingi wake. Siku ya kwanza daftari nilikabidhiwa mimi. Mara 9 reki ilipanda na tope tupu, nami nikaona hakuna cha kuandika. Jioni kiongozi wetu akaniuliza vituo vile 9 viko wapi, nikamjibu kwamba havikuwa na kitu. Akanieleza kwa upole, na upole ule uliniumiza kuliko ukali, kwamba atakayelifungua daftari baada ya miaka 10 hatajua kama tulifika tukakosa au hatukufika kabisa. Kesho yake tukavirudia vyote.

Hilo ndilo ninalokuomba ulishike kuliko mengine. Ziwa lenu limepitia mengi: kamba wa maji baridi wenye asili ya Marekani waliingizwa mwaka 1970, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 mimea iliyozama ilikuwa imekaribia kwisha, mwaka 1988 likaonekana gugu maji. Kupotea kwa mimea hakuwezi kufuatiliwa pasipo mtu aliyeandika kwamba mahali fulani, tarehe fulani, alirusha reki ikarudi tupu. Tena chembe za uzazi za Chara, zilizo mfano wa mbegu ndogo, hukaa hai ndani ya tope kwa miaka mingi zikingoja maji yatakate, kwa hiyo kituo kitupu cha mwaka huu msikifute kwenye ramani ya mwaka ujao.

Reki na mashua zioshwe na kukaushwa kabla ya kupelekwa ziwa jingine. Upo mwani uitwao Nitellopsis obtusa, wenye vinundu vyeupe vya umbo la nyota, ambao Waingereza wanaulinda kwa kuwa ni adimu kwao. Huko Amerika ya Kaskazini, ulikoonekana katika miaka ya 1970 kwenye mto St. Lawrence, ni gugu linalosafiri na mashua kutoka ziwa hadi ziwa. Huku ukionekana tunashangilia, kule wanatafuta namna ya kuung'oa.

Mkiupata mwani wenye chokaa, sehemu yake ihifadhini katika kichupa cha spiriti, maana ukikauka huvunjikavunjika. Nitumie pia fomu yenu kabla hamjaichapisha, nione kama mmeiwekea safu ya vituo vitupu.

Wasalimie wote nyumbani.

Ni mimi mwenzio.